Chukua wawili wadogo, wa aina moja

UPEPO WA KUSI
Na Mwanaisha Bakari

Mtoto wa kaka yangu amenunua tangi la samaki. Ni kioo cha lita 200, amekiweka sebuleni kwake Nairobi, na Jumapili moja mwezi uliopita alinipigia simu akiwa dukani. "Shikamoo shangazi. Hapa kuna Nemo wa aina nne. Nichukue mmojammoja, tangi lipendeze?" Nikamwitikia marahaba, nikamwambia atoke humo dukani mikono mitupu, aende nyumbani, tutazungumza.

Nilijua anakokwenda kwa sababu nimepita njia hiyo. Miaka 11 iliyopita, hapa Mombasa, muuzaji aliniambia hao wote ni Nemo na wanaelewana. Nikarudi nyumbani na watatu: wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari mitatu myeupe, na mmoja mkubwa wa rangi ya damu ya mzee. Asubuhi ya pili mdogo mmoja alikuwa amelala nyuma ya pampu, mapezi yamechanwa mpaka yamebaki miiba. Mwenzake alikuwa amejibana pembeni juu kabisa, mdomo karibu na hewa, hathubutu kushuka. Yule mkubwa alizunguka tangi lote peke yake kama mwenye nyumba. Ukimtazama kwa karibu utaona mwiba chini ya kila jicho, na jina lake la kisayansi, biaculeatus, ndilo linalosema hivyo: mwenye miiba miwili. Jike lake hukua kufikia sentimita 16 hivi, na katika jamaa zake wote sijaona mkali kumshinda.

Klaunifishi, yaani hao tunaowaita Nemo, wako aina zipatazo 30, na kila aina ina tabia yake. Filamu ya mwaka 2003 imetufanya tuwaite wote jina moja, kumbe aliyechorwa mle ni ocellaris, samaki wa mashariki ya Bahari ya Hindi na magharibi ya Pasifiki. Kwetu hayupo. Mwambani kwetu, Kenya na Tanzania, wapo wawili tunaowaona sana. Mmoja ni akallopisos, wa rangi ya chungwa iliyopoa, mwenye mstari mmoja mweupe unaotoka kichwani na kufuata mgongo mpaka mkiani. Huyu ni mpole, tena mwoga. Wa pili ni allardi, mwenye mikanda miwili myeupe kwenye mwili wa kahawia na manjano, mzuri kwelikweli, lakini akishakua hakubali mgeni aingie kwake. Clarkii na frenatus, ambao maduka huwaagiza kutoka nje, nawaweka upande huohuo wa allardi. Anayetaka utulivu achague ocellaris, au ndugu yake percula, ambaye ana ukali kidogo zaidi lakini si wa kutisha.

Hata hivyo upole wa aina peke yake hautoshi, kwa sababu samaki hawa wanaishi kwa vyeo. Wote wanapevuka kuwa madume. Katika kundi linaloishi kwenye anemoni moja, yule mnyama wa mwambani wanayemfanya nyumba, aliye mkubwa kuliko wote hugeuka jike, anayemfuata huwa mumewe, na waliobaki hukaa wadogo wakingoja zamu. Jike akifa, mume hugeuka jike, na wa tatu anapanda kuwa mume. Hans na Simone Fricke waliyaandika haya mwaka 1977. Mwaka 2003 Peter Buston, aliyewachunguza Papua New Guinea, akaonyesha jambo ambalo mimi bado linanishangaza: mdogo hujizuia kukua, makusudi asimkaribie kimo aliye juu yake, kwani akimkaribia atafukuzwa.

Sasa fikiria kufukuzwa ndani ya kioo. Hakuna pa kwenda. Atapigwa leo, atapigwa kesho, mpaka afe, na mwenye tangi atasema alikuwa mgonjwa.

Kwa hiyo nilimwambia kijana: chukua wawili, wa aina moja, wote wadogo, mmoja awe amempita mwenzake kidogo. Ukiwachukua wadogo hakuna aliyekwisha kuwa jike, watapangana wenyewe. Siku moja utamwona yule mdogo akijilaza ubavu mbele ya mkubwa na kutetemeka mwili mzima, sekunde mbili tatu, kisha anainuka na kuendelea na safari zake. Usishtuke, si kifafa. Ndiyo namna yao ya kusema nimekutii, na nyumba inayoonekana hivyo ina amani. Wa tatu usimwongeze, hata ukipewa bure.

Anemoni nayo aiache kwa sasa. Inataka taa kali na tangi lililokomaa, na isiporidhika hutembea mpaka ikaingia kwenye pampu, ikachafua maji yote. Klaunifishi wa tangini anaishi vizuri bila anemoni. Wangu wanalala kwenye pembe ya jiwe. Afadhali pesa hiyo anunue pampu ya hewa ya betri, maana stima ikikatika usiku kucha ndipo samaki wanapokufa.

Lipo moja ambalo nalisisitiza kuliko yote. Dukani uliza: huyu amezaliwa tangini, au ametolewa mwambani? Klaunifishi wamekuwa wakizalishwa kibiashara tangu miaka ya 1970. Mayai hubandikwa jiweni, dume huyapepea kwa mapezi, na baada ya wiki moja hivi huanguliwa usiku. Aliyezaliwa tangini amezoea kioo na chakula cha punje tangu utotoni. Wa mwambani mara nyingi anafika amechoka, hali, na huenda amebeba maradhi.

Na huko alikotolewa ameacha pengo. Akichukuliwa jike, anemoni nzima inaanza upya kupanga vyeo, na mayai yanasimama kwanza. Anemoni zenyewe zina shida zake: joto la bahari la mwaka 1998 liliyageuza meupe matumbawe ya pwani yetu na kuua sehemu kubwa, na anemoni huathirika na joto hilohilo. Klaunifishi hawezi kuhamia kwingine. Porini bila anemoni analiwa. Sisemi vijana wanaopiga mbizi kutafuta samaki wa mapambo waache kazi yao, wako samaki wengi wengine wanaostahimili kuvuliwa. Huyu nawaomba wamwache alipo, hasa akallopisos, ambaye kwa woga wake hata safari ya ndege inamshinda.

Kijana amekubali kungoja. Tangi lake lina mawe, maji na bakteria tu, wiki ya nne sasa, na kila jioni anapima amonia na kunitumia picha ya kipimo. Ikikaa sifuri atanunua ocellaris wawili waliozaliwa tangini. Wakitunzwa wanaweza kuishi naye zaidi ya miaka 20. Nawe ukienda dukani Jumamosi hii, uliza swali lile. Muuzaji akishindwa kulijibu, toka.