Mambo ya Shule: Kipindi cha Mazoezi na Watoto Wanaokaa Pembeni

Katika shule nyingi za msingi za Kenya, ratiba iliyobandikwa ukutani huonyesha kipindi cha mazoezi ya mwili. Kipindi chenyewe ni kifupi, dakika 30 kwa madarasa ya chini na dakika 35 kwa madarasa ya juu. Lakini aghalabu mtu akipita uwanjani saa hiyo huona nyasi tu na mbuzi wa jirani. Watoto wamo darasani wanafanya hesabu. Desturi hiyo ilikomaa katika miaka ya mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka 1985 na kufanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtihani huo haukuwa na karatasi ya mazoezi ya mwili, na somo lisilotahiniwa ni rahisi kuibiwa saa yake. Mtihani umeondoka, bali desturi haikuondoka nao.

Walakini iko hasara nyingine isiyosemwa sana, nayo hutokea hata mahali ambapo kipindi kinaheshimiwa. Mwalimu huwatoa nje watoto 50, huwapa mpira mmoja, kisha huketi chini ya mti kusahihisha madaftari. Wavulana kumi na wawili walio hodari huufuata mpira. Wengine husimama. Msichana mnene, mvulana mwenye haya, mtoto aliyehamia shule hiyo juzi, hao hutafuta kivuli, na kengele ikilia hawajatoka jasho hata tone. Katika kitabu cha mwalimu imeandikwa kwamba darasa zima limefanya mazoezi.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2020 kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 yampasa kupata, kwa wastani, dakika 60 kila siku za kuutumia mwili kwa nguvu ya kumfanya ahemewe, na katika siku tatu za juma, kwa uchache, ziwemo kazi za kuimarisha misuli na mifupa. Mtoto wa mkulima anayekwenda shule kwa miguu maili mbili na kurudi, kisha akachota maji na kufukuzana na ndama, huenda akazipata dakika hizo bila mtu kumhesabia. Mtoto wa karani wa mjini, anayepelekwa kwa basi na kurudishwa mbele ya televisheni, hana pengine pa kuzipata ila shuleni. Kwa mtoto huyu dakika 30 za uwanjani si nyingi, na akizitumia kukaa kivulini hazimfai neno.

Hesabu ya mbio za kupokezana vijiti huonyesha jambo hili waziwazi. Mwalimu mwenye watoto 48 akiwapanga mistari minne, kila mstari una watoto 12. Mtoto mmoja akitumia nukta 15 kukimbia na kurudi, mstari mzima humaliza kwa dakika tatu. Katika dakika hizo tatu kila mtoto amekimbia nukta 15, na amesimama dakika mbili na nukta 45. Sasa mwalimu yule yule awapange mistari 16 yenye watoto watatu watatu. Katika dakika zile zile tatu kila mtoto atakimbia mara nne, yaani dakika nzima, na kati ya mbio na mbio atapata nukta 30 za kuvuta pumzi. Uwanja ni ule ule, mwalimu ni yule yule, wala hakuna senti iliyotumika. Kinachohitajika ni vijiti 16 tu, na vijiti havinunuliwi.

Kabla ya mbio zenyewe, mwili hautaki kushtushwa. Mtoto aliyekaa kwenye deski tangu asubuhi ana misuli iliyopoa na moyo unaopiga polepole. Mazoezi mepesi ya dakika tano hadi kumi huongeza mapigo ya moyo kidogo kidogo, huipelekea misuli damu, na kuipasha moto ili ivutike bila kuumia. Kwa mtoto mwenye pumu kuanza polepole kuna faida zaidi, kwa kuwa mbio za ghafla, hasa katika baridi ya asubuhi ya mahali kama Limuru au Molo, zinaweza kumbana kifua.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa drili. Watoto walisimama mistarini, mwalimu akahesabu moja, mbili, tatu, nne, mikono ikapanda na kushuka kwa pamoja. Drili ilitokana na mazoezi ya askari, na huko Uingereza kwenyewe wakuu wa elimu walikwisha kuona mwaka 1909 kwamba watoto wadogo hawatoshewi na amri peke yake, wakaingiza michezo katika mpango wa mazoezi ya shule. Si kwamba drili ni mbaya. Inapendeza machoni siku ya wazazi. Lakini mtoto wa miaka saba akiinua mikono mara nane kwa kuhesabiwa, moyo wake haujapata habari kwamba kuna kazi.

Mchezo wa kukimbizana hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, ila una kasoro moja inayopasa kurekebishwa. Kwa desturi anayeguswa hutoka nje. Sasa, ni nani anayeguswa kwanza? Ni yule mzito, yule mdogo, yule asiyejua kukwepa. Basi anayehitaji mazoezi kuliko wote ndiye anayepumzishwa kabla ya wote, tena mbele ya macho ya wenzake. Dawa yake ni rahisi. Anayeguswa asitoke, bali asimame pale pale, miguu ameitanua, na mwenzake akipita chini kwa kutambaa awe amemkomboa. Wakimbizaji wawe watatu au wanne, wala si mmoja, nao wabadilishwe kila baada ya dakika moja. Darasa la watoto 50 likicheza hivyo kwa dakika nne, hakuna atakayehitaji kuambiwa apashe mwili moto.

Mchezo wa kunyang'anyana mikia hupendwa zaidi na watoto wa gredi ya kwanza hadi ya tatu. Kila mtoto huchomeka kipande cha kitambaa au nyuzi za mkonge kiunoni, upande wa nyuma, urefu wa kama shubiri mbili uning'inie. Mwalimu akipiga filimbi kila mmoja hujaribu kuinyakua mikia ya wenzake na kuulinda wake. Aliyenyang'anywa haondoki, akipata mkia mwingine huuvaa. Katika mchezo huu mtoto hukimbia, hugeuka, huinama, hurudi kinyumenyume, na kuangalia pande zote, mambo ambayo drili haiwezi kuyafundisha hata ikifanywa mwaka mzima. Mwalimu akataze jambo moja tu, nalo ni kushika nguo au mikono.

Kuna pia ule mchezo wa nyama, unaojulikana na watoto wa Kenya na Tanzania, ambamo kiongozi hutaja majina ya wanyama mbio mbio, na watoto huruka juu kila anapotajwa mnyama anayeliwa na kutulia anapotajwa asiyeliwa. Ni mchezo mwema, kwa kuwa huamsha masikio pamoja na miguu. Hapa tena anayekosea asifukuzwe. Akimbie mpaka kwenye mti wa karibu na kurudi mahali pake, basi imekwisha. Kiongozi naye asiwe mwalimu siku zote. Mtoto mwenye haya akipewa kazi ya kutaja wanyama hupata sauti ambayo darasani haijasikika.

Mchezo wa kati, ambao Watanzania huuita rede, wataka uangalifu zaidi. Watoto wawili husimama ncha mbili na kurusha mpira, na walio katikati hukwepa. Anayepigwa hutoka, na baada ya dakika chache watoto 20 wameketi wakimtazama mmoja anayeruka kama swala. Kuutazama kunafurahisha, lakini kwa mazoezi ni hasara. Afadhali anayepigwa abadilishane na aliyerusha. Pia darasa ligawanywe katika vikundi vya watoto sita sita, kila kikundi na mpira wake. Mipira ya namna hiyo watoto walikuwa wakiitengeneza kwa mifuko ya plastiki hadi Serikali ilipoipiga marufuku tarehe 28 Agosti, 2017. Tangu hapo imewabidi kurudia vitambaa na majani makavu ya mgomba yaliyofungwa kwa kamba. Mpira wa mgomba hauruki sana, lakini hauumizi mtu akipigwa nao mgongoni, na kwa mchezo wa kati hilo ni jambo jema.

Kamba ya kuruka haistahili kuachiwa wasichana peke yao. Kuruka kamba ni kazi ngumu kuliko wavulana wengi wanavyodhani, na mwalimu akitaka kuwanyenyekesha wachezaji wake wa mpira awape kamba kwa dakika mbili tu. Kila mguu unapotua chini mfupa hupata kishindo kidogo, na mifupa ya mtoto hukaza kwa vishindo vya namna hiyo. Wasichana nao waruhusiwe kuvaa kaptula siku ya mazoezi. Wako wengi ambao hukaa pembeni si kwa uvivu, bali kwa kuiogopa sketi.

Baada ya michezo hiyo yafaa dakika mbili au tatu za kutuliza mwili na kufundisha usawa. Watoto wasimame kwa mguu mmoja wakirushiana mpira, wachutame na kuinuka, waruke na kutua polepole magoti yakiwa yamekunjwa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 uliwafuata watoto wapatao 3,900 wa miaka 7 hadi 13 waliocheza mpira katika Uswisi, Ujerumani, Uholanzi na Ucheki. Vikundi vilivyoanza mazoezi kwa kazi kama hizo, za kusimama kwa mguu mmoja, kuruka, na kujua namna ya kuanguka, vilipata majeraha pungufu kwa karibu nusu kuliko vilivyoanza kwa desturi yao ya kawaida. Ama kuvuta misuli na kukaa nayo vile vile kwa muda mrefu, hilo liachwe mpaka mwisho wa kipindi, maana likifanywa kabla ya mbio hupunguza nguvu ya msuli badala ya kuiongeza.

Baadhi ya walimu hutumia mazoezi kuwa adhabu. Aliyechelewa huambiwa aruke kichura, aliyepiga kelele azunguke uwanja mara kumi. Mtoto aliyejifunza kwamba kukimbia ni malipo ya kosa hatakimbia siku ambayo hajakosa. Vile vile mwalimu awajue wagonjwa wake. Katika Nyanza, nchi ya Magharibi na Pwani wako watoto wenye ugonjwa wa seli mundu. Hao wacheze kwa kiasi, wapumzike watakapo, wanywe maji mara kwa mara, wala wasilazimishwe kushindana. Si lazima darasa zima lijue sababu. Mtoto huyo anaweza kushika filimbi au kuhesabu mikia.

Wazazi ndio walio wagumu kushawishika. Mzee aliyeuza mbuzi ili kulipia kitabu na sare huona mwanawe akirudi na vumbi magotini, naye husema kwamba hakumpeleka shule kucheza. Hasira yake inaeleweka. Lakini idara ya Serikali ya Marekani ya kuzuia magonjwa, iitwayo CDC, ilikusanya chunguzi 50 mwaka 2010 ili kuona kama muda wa mazoezi huharibu masomo. Zaidi kidogo ya nusu ya matokeo yalionyesha manufaa katika masomo au tabia za darasani, karibu yote yaliyosalia hayakuonyesha tofauti, na yaliyoonyesha hasara yalikuwa machache mno. Kwa maneno mengine, shule inayoibia mazoezi dakika 30 ili kuzipa hesabu haina ushahidi kwamba hesabu zitapanda.

Zipo shule zisizo na uwanja kabisa, hasa katika mitaa ya Nairobi na Mombasa, ambako idadi ya watoto iliongezeka sana tangu ada ya shule za msingi ilipoondolewa mwaka 2003. Kwa hizo kuna mfano kutoka Stirling katika Uskochi. Mwezi wa Februari, 2012, mwalimu mkuu wa shule ya St Ninians, Bibi Elaine Wyllie, alianza kuwatoa watoto nje kila siku kwa dakika 15, wakiwa na nguo zao za shule, wakimbie au watembee kuzunguka eneo la shule kila mmoja kwa mwendo wake, bila mashindano wala mshindi. Jambo hilo limeenea katika nchi nyingi. Halihitaji mpira, filimbi, wala mwalimu aliyesomea michezo. Njia inayozunguka madarasa ikipimwa mita 200, mizunguko minane ni kama maili moja. Mawe ya kuonyesha pembe zake yanapatikana bure, na watoto wa gredi ya tatu wanaweza kuyabeba na kuyapanga wenyewe.