Si kila homa ni malaria

Wasee wa Saboti, sisi tukiona Mlima Elgon tunawaza picha tu. Lakini pango la Kitum liko huko. Mwaka wa 1980 mwanamume aliyelitembelea alifia Nairobi kwa Marburg, na daktari aliyemhudumia, Shem Musoke, akaambukizwa, ila akapona. 1987 kijana wa miaka 15 aliyeingia pango hilo hilo akafariki. 2017 ikalipuka Kween, upande wa Uganda wa mlima huu huu wetu.

Binamu yangu ni tabibu kwa zahanati. Leseni hairudi kila mwaka bila pointi za masomo, so anazisaka saa nne usiku, kwa bando yake, akiwa amechoka vibaya.

Mimi niliacha chuo, sitajifanya mtaalamu. Lakini Marburg huanza na homa na kichwa kuuma, kama malaria tu. Wa kwanza kushtuka lazima awe huyo wa zahanati, si profesa wa Nairobi. Mwajiri amlipie bando, ampe na masaa ya kusoma akiwa kazini. Hiyo si zawadi. Siku mamako atapelekwa pale na homa, utataka awe alisoma.