Siri ya Benki Isiwe Ngome ya Wakwepa Kodi

Kutunza amana ni jambo tukufu. Mtu aliyekabidhiwa mali au siri ya mwenziwe, dini na ada zinamwajibisha kuihifadhi. Lakini amana haikupata kuwa pazia la kufichia dhulma. Na kukwepa kodi ni kuwadhulumu wanyonge, kwani dawa ya hospitali na dawati la skuli hutoka katika hazina ile ile anayoikimbia tajiri.

Tuutazame mfano wa visiwa vya Cayman, vilivyo chini ya Uingereza katika bahari ya Karibi. Mwaka 1976 mahakama ya Marekani ilimlazimisha meneja wa benki moja ya huko atoe ushahidi katika uchunguzi wa kodi, ijapokuwa sheria ya Cayman ilimkataza kufichua siri za wateja. Mwaka huo huo Cayman ikatunga sheria kali zaidi ya kulinda siri. Haikufua dafu. Mwaka 1983 mahakama ya Florida iliitoza Benki ya Nova Scotia, ya Kanada, faini ya dola 25,000 kwa kila siku iliyochelewesha nyaraka za tawi lake la Cayman. Jumla ikafika dola 1,825,000, na mwaka 1984 mahakama ya rufani ikaithibitisha.

Wapo wanaosema kuwa huko ni kuvidhalilisha visiwa vidogo. Nusu ya kauli yao ni kweli. Haifai jaji wa Florida aitangue sheria ya nchi ya watu, na “mwenye nguvu mpishe” si kanuni ya haki baina ya mataifa. Lakini aliyenufaika na siri ile hakuwa mvuvi wa Cayman, bali tajiri wa kigeni aliyeikimbia hazina ya kwao. Heshima ya kisiwa si bidhaa ya kukodishwa kwa watu wa namna hiyo.

Njia ya haki ni mkataba, na juu ya mkataba, jaji wa nchi yenyewe. Dola inayoomba ieleze kosa inalolichunguza. Jaji wa kisiwani aupime ushahidi, amsikilize mwenye akaunti, ndipo aamuru. Cayman nayo ilifunga mkataba wa kupeana habari za kodi na Marekani mwaka 2001.

Hata hivyo, msaada uwe wa pande mbili. Marekani, ambayo mwaka 2010 ilipitisha sheria ya kuzitaka benki za dunia nzima ziitajie akaunti za raia wake, hadi leo haimo katika utaratibu wa kupeana habari za akaunti uliopitishwa na mataifa mengi mwaka 2014. Na ni Afrika inayoumia: mwaka 2015 jopo lililoongozwa na Ndugu Thabo Mbeki lilieleza kuwa bara letu hupoteza zaidi ya dola bilioni 50 kila mwaka kwa fedha zinazotoroshwa kinyume cha sheria.

Kwa hiyo tunawausia maofisa wetu wanaokaa katika meza za mikataba: wasimfiche mkwepa kodi wa nchi yoyote, wala wasitie saini mkataba wa upande mmoja. Anayetaka tumfungulie daftari zetu, naye atufungulie zake.