Siku 10 za rufaa zinapoishia karandingani

Kwa Mheshimiwa Jaji Mfawidhi,
Mahakama Kuu ya Tanzania, Kanda ya Bukoba.

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Kiruruma kuhusu vijana wa bodaboda wanaofungwa kwa makosa ya barabarani. Siwatetei wanaoendesha wamelewa, wala wanaogonga mtoto wakakimbia. Hao sheria iwabane. Naomba tu aliyefungwa ajue, siku ileile, namna ya kukata rufaa.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa siku 10 za kutoa notisi ya kusudio la kukata rufaa na siku 45 za kuleta petisheni, bila kuhesabu muda wa kungoja nakala za mwenendo na hukumu. Huku kwetu wengi hudhani rufaa haianzi mpaka ndugu wafunge safari ya Bukoba, zaidi ya kilomita 100, na wakili wa kulipwa. Basi kahawa inauzwa kwa butura, ingali mtini, na fedha inaishia kwa wakili kishoka. Kumbe mfungwa angemkabidhi mkuu wa gereza petisheni yake, naye akaifikisha mahakamani. Familia inapokuja kulijua hilo, siku 10 zimepita. Imebaki kuomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi, na kutojua sheria, kama ujuavyo, si sababu.

Liko linaloniuma zaidi. Kijana anasomewa shtaka, anajibu, "Ni kweli." Yeye anakubali kwamba ajali ilitokea, kumbukumbu inasema amekiri kuendesha kwa hatari. Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, nasi tunashukuru, ila Kiswahili cha hati ya mashtaka si cha kijiweni, na wapo wanaofikiri kwa Kinyambo. Aliyekiri kosa hupinga adhabu tu, ukubwa wake au uhalali wake. Mahakama Kuu ilieleza mwaka 1983 kwamba kukiri kwenye utata, au kulikotokana na kutoelewa, kunaweza kupingwa. Nani atamwambia hayo akiwa ndani ya karandinga?

Najua hukumu humalizika kwa maneno "haki ya rufaa imeelezwa". Lakini mtu aliyetoka kusikia kifungo chake hapo anafikiria mama yake na mkopo wa pikipiki.

Agiza basi kila mahakama ya wilaya itoe karatasi moja ya Kiswahili chepesi yenye tarehe ya mwisho ya notisi, na fomu ya notisi ijazwe mbele ya karani kabla gari la magereza halijaondoka. Nakala wapewe ndugu. Karatasi hiyo iseme pia kwamba dhamana inaweza kuombwa wakati rufaa ikisubiriwa, kwa kuwa kifungo cha miezi 6 huweza kwisha rufaa haijapangiwa tarehe, na kijana akishinda arudishiwe nini?

Wako mtiifu,
Mkazi wa Kiruruma