Pingamizi la Mwajiri Si Hukumu

Baadhi ya wenzetu wamewashtaki waajiri wao katika mahakama za shirikisho hapa Marekani, tena bila wakili. Kinachowavunja nguvu ni bahasha inayofuata: mawakili wa kampuni wanaiomba mahakama iitupilie mbali kesi chini ya Kanuni ya 12(b)(6). Mtu akishaziona kurasa zile zilizojaa majina ya kesi za watu wengine, anajiona ameshashindwa. Anaiweka bahasha juu ya friji, akingoja siku ya kwenda kumweleza jaji kwa mdomo. Mara nyingi siku hiyo haiji, kwani majaji wengi huamua maombi haya kwa maandishi tu.

Waliofuatilia kesi nyumbani wanalijua ombi linalofanana na hili, yaani pingamizi la awali. Tangu uamuzi wa Mukisa Biscuit wa mwaka 1969, mahakama za Afrika Mashariki hulisikiliza kwa kuchukulia kwamba aliyoyaeleza mdai ni kweli, kisha zinatazama sheria inasemaje. Huku nako jaji hapimi ushahidi katika hatua hii. Anasoma hati ya madai na kujiuliza: yote haya yakiwa kweli, sheria inampa mtu huyu haki ya kudai? Kumrundikia picha na meseji za WhatsApp hakuzibi pengo lililomo kwenye hati.

Na pengo huwa lipo. Tunaandika “walinibagua, walinidhalilisha” tukaishia hapo, maana kumtaja msimamizi kwa jina tunaona ni umbea. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema, katika kesi za Twombly mwaka 2007 na Iqbal mwaka 2009, kwamba kauli za jumla namna hiyo hazitoshi. Hata hivyo hakuna anayedaiwa kitabu. Akos Swierkiewicz, mzaliwa wa Hungary aliyefanya kazi katika kampuni ya bima mjini New York, alieleza alivyoshushwa cheo na kazi zake nyingi kupewa Mfaransa wa miaka 32. Akaweka tarehe, umri na uraia wa baadhi ya wahusika. Mahakama mbili za chini zikamkatalia. Mwaka 2002 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu wakairudisha kesi yake, na Twombly haikuufuta uamuzi huo.

Kwa hiyo pingamizi likigusa udhaifu wa kweli, usibishane nalo. Kanuni ya 15 inakupa siku 21 tangu kupokea ombi hilo kuirekebisha hati mara moja bila kuomba ruhusa, kama hujaitumia nafasi hiyo. Ila angalia mtego: muda wa kujibu hupangwa na kila mahakama. Kaskazini mwa Texas ni siku 21, lakini Washington, D.C., ni 14, na ukinyamaza jaji anaweza kuhesabu kwamba umekubali. Ukiona muda unakubana, omba nyongeza kabla haujaisha. Kesi ya ubaguzi ikitupwa, hata ukiruhusiwa kufungua nyingine, siku 90 za kufungua kesi tangu upate barua ya EEOC, tume ya shirikisho inayopokea malalamiko ya ubaguzi kazini, huenda zimeshapita.

Kumpa jibu hilo ndugu anayejua Kiingereza akuandikie na kusaini kwa niaba yako hakufai. Asiye wakili haruhusiwi kumwakilisha mwingine. Jumuiya hii hukusanya michango ya msiba usiku mmoja. Tunaiomba kamati, katika mkutano ujao, itenge sehemu ya mfuko kulipia saa moja ya wakili kwa kila mwanachama aliyepokea bahasha ya namna hii.