RUKHSA SI KUFULI: NANI KAWAFUNGIA VIZIWI NA WASIOONA MLANGO WA MADRASA?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Maswahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake hadi Siku ya Malipo. Ama baad:

Ndugu Waislamu, ipo kauli ambayo imekuwa ngao ya wavivu katika umma huu. Mzazi akiulizwa kwa nini mwanawe kiziwi amefikia umri wa kuoa na hajui nguzo za swala, hujibu: "Huyo kalamu imeinuliwa kwake." Mwalimu akiletewa mtoto asiyeona, husema: "Mwacheni apumzike, Mwenyezi Mungu hamkalifishi." Kamati ya msikiti ikiulizwa kwa nini mlango una ngazi tano na hakuna njia ya kupita kiti cha magurudumu, hujibu kwamba mwenye udhuru ana rukhsa ya kuswali nyumbani. Kauli hizi zinazungumza kwa lugha ya fiqhi, lakini fiqhi haimo ndani yake. Ni uzembe uliovishwa kilemba.

Hebu tuzipime. Hadithi ya kuinuliwa kalamu inawahusu watu watatu: aliye usingizini, mtoto ambaye hajabaleghe, na aliyepotewa na akili. Kiziwi yuko wapi hapo? Asiyeona yuko wapi? Kiwete yuko wapi? Kiziwi mwenye akili timamu akishabaleghe na ujumbe ukamfikia ni mukallaf kama wewe: ana swala, ana saumu, ana ndoa, ana mirathi. Tofauti ni kwamba wewe umefundishwa na yeye amenyimwa.

Hata mwenye ulemavu wa akili hoja hii haimtoi madrasa. Mtoto mdogo naye kalamu imeinuliwa kwake, na juu ya hivyo tumeamrishwa kumfundisha swala akiwa na miaka saba. Kumbe kuinuliwa kalamu kwa mwanafunzi hakuinui jukumu kwa mlezi wake! Yeye hataulizwa, wewe utaulizwa.

Ama rukhsa, ni kweli kwamba Qur'ani, katika Surat An-Nur aya ya 61 na Surat Al-Fat-h aya ya 17, imewaondolea uzito asiyeona, kiwete na mgonjwa. Lakini rukhsa ni haki ya mwenye udhuru. Yeye ndiye wa kuichukua au kuiacha. Amr bin Al-Jamuh (r.a.) alikuwa kiwete, na wanawe wakataka kumzuia asiende Uhud. Alipomshitakia Mtume (s.a.w.), Mtume alimweleza kuwa ana udhuru, kisha akawataka wanawe wasimzuie. Alikwenda na akafa shahidi. Wanawe walitaka kuifanya rukhsa kuwa kufuli, na Mtume (s.a.w.) akaifungua.

Mtazameni pia Abdullah bin Umm Maktum (r.a.), asiyeona, ambaye kwa ajili yake ziliteremka aya za mwanzo za Surat Abasa. Mtume (s.a.w.) hakumweka mlangoni mwa msikiti anyooshe mkono. Alimfanya muadhini pamoja na Bilal (r.a.), na mara kadhaa alimwachia Madina aswalishe watu alipotoka safarini. Na yeye hakuwa akiiona alfajiri, basi aliadhini vipi? Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba hakuwa akiadhini mpaka aambiwe kuwa kumekucha. Zingatieni jambo hili, enyi wenye akili. Alipewa kazi, kisha akapewa msaada wa kuifanya. Hilo ndilo wataalamu wa leo wanaloliita huduma kwa watu wenye mahitaji maalumu, na msikiti wa Madina ulikuwa nalo zaidi ya miaka 1,400 iliyopita.

Waliofuata walilijua hilo. At-Tabari amesimulia kwamba Khalifa Al-Walid bin Abdil-Malik, aliyetawala kuanzia mwaka 86 hadi 96 Hijria, aliwapangia wenye ukoma posho ili wasiombe watu, akampa kila asiyeweza kutembea mtumishi na kila asiyeona mtu wa kumwongoza. Mufti wa Makka, Ataa bin Abi Rabah, alikuwa kiwete, mwenye mkono uliopooza, na mwishoni akapoteza uoni. Watu wa Hija walimwendea kwa fatwa. Al-Azhar ilikuwa na zawiya yake ya wanafunzi wasioona. Katika zama zetu, Sheikh Abdulaziz bin Baz, aliyepoteza uoni akiwa kijana wa miaka kama ishirini, alikuwa Mufti Mkuu wa Saudi Arabia kuanzia mwaka 1993 hadi alipofariki mwaka 1999. Je, angezaliwa katika mtaa wetu, angekuwa mufti au angekuwa ombaomba wa Ijumaa?

Ama kiziwi, mafakihi waliandika zamani kwamba ishara inayofahamika ya bubu husimama mahali pa tamko katika ndoa, talaka na biashara. Fiqhi iliyoikubali ishara katika nikahi haiwezi kuikataa katika khutba. Ni misikiti mingapi mjini ina mtu mmoja tu anayejua lugha ya alama Ijumaa inapofika? Na msahafu wa nukta nundu umekuwa ukichapishwa kwa miaka mingi katika nchi za Kiislamu. Kijana aliyesoma nukta nundu shuleni atazikuta nukta zile zile sita, na husomwa kutoka kushoto kwenda kulia kama alivyozoea; kilichobaki ni kujifunza herufi za Kiarabu. Wa kumfundisha yuko wapi?

Tusione uchungu kuambiwa ukweli. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Lushoto, wilaya yenye Waislamu wengi, Kanisa la Kilutheri lilianzisha shule ya wasioona ya Irente, na mwaka 2007 likafungua Chuo Kikuu cha Sebastian Kolowa kikiwa na elimu maalumu mbele. Hatuwalaumu kwa wema wao. Tunajilaumu sisi, ambao zipo waqfu zetu, zipo nyumba zetu za kupangisha, zipo harambee za marumaru na minara, kisha tunalalamika mtoto wetu anaporudi likizo akijua dua ya wenzetu na haijui Fatiha. Wapo Waislamu wachache waliothubutu, Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini faradhi kifaya isiyotimizwa kwa kiasi cha haja hubaki shingoni mwa wote.

Na Serikali nayo haisalimiki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, inayotambua haki yao ya elimu, afya, ajira na kufika katika majengo ya umma. Kuanzia mwaka 2016 ada ikaondolewa katika shule za umma za msingi na sekondari hadi kidato cha nne. Lakini kiziwi aliyeketishwa bila ada mbele ya mwalimu asiyejua lugha ya alama amepata dawati, hajapata elimu. Hili tuliseme wazi mbele ya diwani na mbunge. Tuulize pia kuhusu mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ambayo tangu mwaka 2018 sheria imewatengea watu wenye ulemavu asilimia 2 ya mapato ya ndani. Ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Waislamu wangapi wenye ulemavu katika kata yako wameelezwa habari hiyo msikitini?

Haki hiyo haitadaiwa na mzazi anayemficha mwanawe uani. Wapo wanaomtaliki mke kwa kumzalia mtoto mwenye mtindio wa ubongo, na wapo wanaompeleka mtoto mwenye usonji kwa mganga atolewe jini. Huyo mganga ni katika jamii ile ile ya wapiga ramli ambao imani zao zilimwaga damu ya ndugu zetu wenye ualbino Kanda ya Ziwa kuanzia miaka ya 2006 na 2007. Hirizi ya kumponya kiziwi na panga la kumkata albino vimetoka katika mfuko mmoja wa shirki.

Basi, enyi Waislamu, tufanye haya. Kwanza, kila kamati ihesabu watoto wenye ulemavu katika mtaa wake, nyumba kwa nyumba. Pili, kila madrasa kubwa imsomeshe mwalimu mmoja lugha ya alama au nukta nundu; Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kinafundisha walimu wa elimu maalumu, na vijana wetu waombe nafasi huko. Tatu, kabla ya kununua marumaru nyingine, tujenge njia mteremko mlangoni na sehemu ya kutawadhia isiyo na ngazi. Nne, waqfu mpya ziandikwe kwa ajili ya elimu yao. Tano, wazazi wawapeleke shule na madrasa, na wakikataliwa, jamaa nzima ya msikiti isimame nao.

Ewe Mwenyezi Mungu, tusaidie kuwafungulia waja wako milango ya nyumba zako, wala usitujaalie tuwe hoja yao dhidi yetu Siku ya Kiyama. Amin.

Wabillahi tawfiq.