Micheweni Isije Ikawa Owino Uhuru

Vijana wenzangu wa Pemba, leo nawavusha bahari mpaka Mombasa, halafu nawarudisha Micheweni. Anayesema mambo ya Kenya hayatuhusu asubiri kidogo.

Kule Mikindani upo mtaa unaitwa Owino Uhuru. Watu kama 3,000, nyumba za udongo na mabati, ukuta kwa ukuta na kiwanda. Mwaka 2007 kiwanda hicho kilianza kuyeyusha betri chakavu za magari ili kutoa madini ya risasi. Hii si ile risasi tuliyoionja sisi tarehe 27 Januari 2001, lakini nayo inaua, tena kimya kimya. Moshi ulitua juu ya mabati, mvua ikinyesha maji ya mabati yale yale yakakingwa kwenye ndoo. Vumbi likaingia majumbani, watoto wakalichezea.

Phyllis Omido alikuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho hicho. Mtoto wake alipopimwa akakutwa na risasi mwilini, mama akaacha kazi, akaanza kupiga kelele. Akakamatwa na polisi. Hakunyamaza. Kiwanda kikafungwa 2014, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Goldman.

Wengi husimulia kisa mpaka hapo, wanapiga makofi, wanakwenda zao. Mimi nataka tuendelee, maana kufunga kiwanda si kusafisha udongo. Risasi haiozi wala haichujuki kwa mvua ya masika. Inakaa pale pale, na mtoto aliyezaliwa baada ya mwenye kiwanda kuondoka anaitia mdomoni akicheza mchanga. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Ukitaka kusafisha, udongo wa juu uuchimbe uondoshe, au uufunike usiguswe tena, na kazi hiyo inataka pesa. Nani atoe?

Wananchi walikwenda mahakamani. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na ikaamuru eneo lisafishwe ndani ya miezi minne, vyenginevyo zilipwe shilingi milioni 700 za kulisafishia. Miezi minne ikapita. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu. Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Hesabu wenyewe: miaka kumi tangu kiwanda kifungwe, na udongo ulikuwa bado pale pale.

Sasa sikilizeni hapa. Mzigo mkubwa kuliko wote, asilimia 40, mahakama haikumtwika mwenye kiwanda. Iliitwika NEMA, mamlaka ya serikali ya kulinda mazingira. Na mamlaka ya EPZ, ile ya maeneo huru ya viwanda, nayo ikapata fungu lake, kwa sababu kiwanda kilikuwa cha EPZ.

Eneo huru! Jina hilo mnalijua. Sisi tunalo letu, Micheweni, limetangazwa tangu miaka ya tisini, na kila uchaguzi tunaahidiwa viwanda. Mimi ni kijana wa huko huko, nataka ajira kuliko huyo anayeniahidi. Lakini ardhi ya Micheweni ni maweni, udongo mwembamba juu ya mwamba wa matumbawe. Ukimwaga kitu juu, hakichelewi kufika kisimani. Owino Uhuru angalau walikuwa na udongo wa kuchimba. Sisi mwamba tutauchimba mpaka wapi?

Mzee mmoja barazani aliniambia, "Mwanangu, kiwanda chenyewe hakijaja, wewe ushaanza kukifukuza." Mzee wangu, sikifukuzi. Nasema masharti huwekwa kabla mtu hajaingia, maana akishaondoka utamdai wapi? Na betri zenyewe tayari tunazo: za gari, za bodaboda, za sola majumbani. Zikifa zinakwenda wapi? Muulize sheha wako uone atakavyokuangalia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Nambari 3 ya 2015 ipo, ZEMA ipo, tathmini ya athari za mazingira inatakiwa. Kenya nao walikuwa na sheria na NEMA yao. Karatasi haijawahi kuchota udongo.

Basi Wawakilishi wetu wanapokaa Chukwani wasitupigie hadithi za uchumi wa buluu. Waiulize serikali mbele ya kipaza sauti: mwekezaji wa Micheweni ataweka dhamana ya pesa ya kusafishia kabla hajawasha mashine, au hataweka? Visima vya shehia za jirani vitapimwa kabla hajaja, ili baadae asije kutwambia maji yetu yalikuwa mabovu tangu zamani? Majibu ya vipimo yatabandikwa skuli na vituo vya afya, au yatafungiwa kabatini Unguja? Wakijibiwa watuletee jibu kwa maandishi, na wasipouliza, sisi tunayo majina yao.